Jumanne ya Pili ya Agosti

Tarehe 29 Desemba 1997 mvua ilinyesha Kenya kana kwamba haikuambiwa kuna uchaguzi. Ulikuwa mwaka wa El Niño. Mito ilikuwa imefurika wiki nyingi kabla, barabara zimekatika, na magari yaliyobeba masanduku na karatasi za kura yakakwama kwenye matope. Kuna vituo vilivyofunguliwa jua likiwa utosini, kuna vilivyopokea karatasi za jimbo jingine, na kuna watu waliosimama foleni tangu alfajiri wakarudi nyumbani jioni vidole vyao vikiwa safi, bila tone la wino. Tume ya Uchaguzi ikalazimika kuongeza siku ya pili. Waislamu waliokuwa kwenye foleni hizo walikuwa na hesabu nyingine pia, maana Shaabani ilikuwa inakatika na Ramadhani inabisha hodi.

Ni nani aliyeamua kwamba nchi nzima ipige kura siku nne baada ya Krismasi, katikati ya gharika? Kisheria, tume ndiyo iliyotangaza tarehe. Lakini tume haikuweza kutangaza lolote mpaka Rais alivunje Bunge, na Rais alilivunja pale roho yake ilipopenda, mradi miaka 5 haijapita. Mambo mengine yote yalifuata hapo: uteuzi wa wagombea, uchapishaji wa karatasi, kampeni, siku yenyewe. Aliyeshika kalenda alikuwa mmoja, naye alikuwa mgombea.

Leo, kila inapozuka hoja kwamba siku ya uchaguzi wa Kenya ihamishwe kutoka Agosti, watu hubishana kuhusu hali ya hewa, bajeti, mitihani na watalii. Hayo yote yana uzito, na nitayafikia. Ila Agosti haikuokotwa njiani. Ina historia, na historia hiyo ni ya watu kuinyang'anya Ikulu kalenda.

Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, tarehe ilipangwa na serikali ya kikoloni, na hata kura yenyewe ilipimwa kwa mizani ya mkoloni. Mwenye elimu, mali au utumishi wa miaka mingi aliweza kupewa hadi kura 3. Wengine walipata moja, na wengi hawakupata hata hiyo. Uchaguzi wa Mei 1963 ulifanywa kwa siku kadhaa ili serikali ya ndani iwe tayari kufikia tarehe 1 Juni, siku tunayoiita Madaraka. Hapo angalau kila mtu alijua kwa nini kuna haraka.

Baada ya uhuru, tarehe ikawa siri ya wakubwa. Mnamo 30 Oktoba 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, kiongozi wake Jaramogi Oginga Odinga akiwa tayari kizuizini. Wiki 5 baadaye, tarehe 6 Desemba, nchi ikaenda kwenye uchaguzi wenye chama kimoja tu uwanjani. Uchaguzi uliofuata ulikuwa Oktoba 1974, na wa baada yake Novemba 1979. Mwaka 1983, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 likiwa bado linanuka baruti, na Charles Njonjo, aliyekuwa waziri, akiwa ameshaitwa msaliti, Rais Moi aliitisha uchaguzi mwaka mmoja kabla ya wakati, Septemba. Uliofuata ukaja Machi 1988, mwaka wa mlolongo, ambapo katika kura ya mchujo watu walijipanga nyuma ya wagombea au picha zao mchana kweupe, na wakati mwingine mstari mfupi ukatangazwa kuwa mshindi.

Hesabu hapo: Desemba, Oktoba, Novemba, Septemba, Machi. Chaguzi 5, miezi 5 tofauti. Mkulima wa Kitale hujua miezi kadhaa mbele lini atapanda, na mvuvi wa Lamu anajua lini kusi litatulia aende mbali na pwani. Mtu aliyetaka kugombea ubunge nchini Kenya hakuwa na ujuzi kama huo. Alisubiri tangazo la redio.

Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kilifutwa. Upinzani ukachipuka kila upande, na swali likawa moja mitaani: lini? Moi hakuficha. Alisema hadharani kwamba tarehe ya uchaguzi ni silaha yake ya siri. Wengi walicheka, kwa sababu alisema kama mzaha. Lakini silaha haina mzaha ikiwa mkononi mwa adui yako, na FORD, chama cha upinzani ambacho tayari kilikuwa kinapasuka vipande viwili, kilihitaji muda kuliko kitu kingine chochote.

Bunge lilivunjwa mwishoni mwa Oktoba 1992 na uchaguzi ukapangwa tarehe 7 Desemba. Ndipo wanasheria wa upinzani walipogundua jambo ambalo ningependa tulitazame kwa karibu. Sheria ilikuwa inavipa vyama muda usiopungua siku 21 wa kuteua wagombea wao. Mwanasheria Mkuu alikuwa ameirekebisha, eti kusahihisha kosa la uandishi, ikawa muda usiozidi siku 21. Neno moja tu, kupungua limegeuka kuzidi, na vyama vilivyozaliwa juzi vikajikuta vinakimbizwa. FORD-Kenya ilikwenda Mahakama Kuu, na mahakama, katika enzi ambayo majaji hawakuwa na sifa ya kuisumbua serikali, ikasema badiliko hilo halifai. Uchaguzi ukasogezwa hadi tarehe 29 Desemba.

Kwa hiyo Desemba hii ambayo watu wengine leo huikumbuka kama mila ya Wakenya haikuchaguliwa na mtu aliyekaa akapima mvua, mavuno na sikukuu. Ilitokana na kesi juu ya neno moja. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, wapinzani wakiwa wamegawana zilizobaki. Miaka 5 baadaye mzunguko ukarudi palepale, 29 Desemba, safari hii na El Niño.

Desemba ilikuwa na utamu wake, tusiidhulumu. Ndio mwezi ambao Nairobi na Mombasa humwaga watu. Kuanzia tarehe 20 hivi stendi za mabasi hufurika, nauli hupanda maradufu bila aibu, na magodoro, mifuko ya unga na kuku hufungwa juu ya paa za matatu kuelekea ushago. Aliyejiandikisha kupiga kura kijijini alikuta Krismasi na uchaguzi ni safari moja, na mwajiri hana la kusema. Lakini aliyejiandikisha mjini, na hao ni wengi, alitakiwa achague kati ya sahani ya pilau kwa mama yake na kura yake. Wanasiasa nao waliipenda Desemba kwa sababu wanazozijua wenyewe: mtu anayegawa sukari na mafuta ya kupikia wiki ya Krismasi anaweza kusema ni zawadi ya sikukuu.

Mara moja Desemba ilileta furaha tupu. Tarehe 27 Desemba 2002 Mwai Kibaki alishinda kwa asilimia 62, na tarehe 30, siku tatu tu baadaye, akaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta baada ya ajali ya gari, mbele ya umati uliopanda hadi kwenye miti.

Shika tarehe hiyo, 30 Desemba, kwa sababu inarudi. Mwaka 2007 Wakenya walipiga kura tena tarehe 27 Desemba, na tena mambo yakaishia tarehe 30. Jumapili hiyo, jua likienda kutua, mwenyekiti wa tume Samuel Kivuitu alimtangaza Kibaki mshindi, na muda mfupi baadaye Rais akala kiapo kwenye uwanja wa Ikulu mbele ya kikundi kidogo cha wateule, giza likiingia. Usiku uleule nyumba zilianza kuchomwa. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu baadaye waliouawa kuwa 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa makwao.

Wizi wa kura, ukabila, ardhi, polisi waliofyatua risasi: hayo yote yameandikwa sana. Kalenda haikuandikwa sana, ingawa nayo ilikuwepo pale. Wapinzani walipoambiwa waende mahakamani kama hawaridhiki, walijibu kwamba hawana imani na mahakama. Na mahakama zenyewe? Mahakama Kuu ya Kenya huwa likizoni tangu tarehe 21 Desemba hadi 13 Januari. Uchaguzi ulikuwa umewekwa ndani ya likizo ya majaji, wakati magazeti yanachapisha kurasa chache na nusu ya makarani wa serikali wako kijijini. Hata likizo isingekuwepo, kumbukumbu ilikuwa mbaya. Kesi ambayo Kibaki mwenyewe aliifungua dhidi ya ushindi wa Moi wa 1997 ilitupwa mwaka 1999, sababu ikiwa kwamba Moi hakukabidhiwa hati za kesi mkononi mwake. Ni nani angempenyezea Rais karatasi mkononi huku akiwa amezungukwa na walinzi? Majaji hawakulijibu hilo kwa namna ya kumridhisha mtu wa kawaida.

Ndiyo maana walioandika katiba iliyopitishwa na wananchi kwa asilimia 67 tarehe 4 Agosti 2010 waliandika tarehe ndani yake. Ibara ya 101 inasema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Haisemi takriban, wala haisemi kadiri Rais atakavyoona inafaa. Bunge linaweza kujiongezea muda tu nchi ikiwa vitani, kwa theluthi mbili ya mabunge yote mawili, na si zaidi ya miezi 12 kwa jumla. Jumanne inafanana na ya Wamarekani, ambao tangu sheria yao ya 1845 hupiga kura Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Wao walikuwa wakulima waliohitaji siku ya kusafiri kwa farasi baada ya ibada ya Jumapili, na leo wanalalamika kwamba siku hiyo wako kazini. Kenya haina tatizo hilo, kwani hutangaza siku ya mapumziko.

Kuhusu Agosti, chukua kalenda uhesabu nami. Tume ina siku 7 za kumtangaza rais mteule. Asiyeridhika ana siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Uchaguzi ukifutwa, mwingine hufanywa ndani ya siku 60, na saa ya kesi huanza upya. Mwaka 2017 ngazi hizi zote zilipandwa, moja baada ya nyingine. Kura ilipigwa Agosti 8, mshindi akatangazwa tarehe 11, kesi ikafunguliwa tarehe 18. Tarehe 1 Septemba, siku ya Idi Kubwa, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, wawili wakipinga, wakaufuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. Kura ya marudio ilipigwa Oktoba 26, upinzani ukasusia, na waliojitokeza wakashuka kutoka karibu asilimia 79 hadi karibu 39. Kesi ya pili iliamuliwa Novemba 20, na Uhuru Kenyatta akaapishwa Novemba 28.

Hizo ni siku 112. Zilikuwa siku ngumu, watu walikufa Kisumu na Nairobi, na sipendi kuzipaka rangi. Lakini zilimalizika wiki 3 kabla ya majaji kwenda likizo. Chukua siku hizohizo 112 uanze kuzihesabu tarehe 27 Desemba: utaapisha rais katikati ya Aprili, masika yakiwa yamekolea na bajeti ya mwaka mpya ikiwa mezani bila mwenyewe. Ukitaka mfano mwingine wa jinsi 2007 ilivyoingia ndani ya sheria, soma sheria ya 2012 kuhusu kuapishwa kwa rais. Inataka kiapo kiliwe hadharani, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Anayeujua ule uwanja wa Ikulu wenye giza hahitaji kuelezwa kwa nini.

Wanasiasa walianza kuichokoza tarehe hiyo kabla wino haujakauka. Uchaguzi wa kwanza chini ya katiba mpya ulipaswa, kwa Ibara ya 101, kuwa tarehe 14 Agosti 2012. Siku hiyo ingeangukia ndani ya Ramadhani, jambo ambalo watu wa Pwani na Kaskazini Mashariki waliliona, ingawa halikuwa ndilo lililowanyima wabunge usingizi. Wao walitazama jedwali la mpito, lililowaruhusu wamalize muhula wao, na muhula wao ulikuwa unafika Januari 2013. Waziri wa Sheria, Mutula Kilonzo, alileta mswada wa kupeleka uchaguzi Desemba, akitaja ugumu wa mipaka ya majimbo na maandalizi. Mswada haukufika popote. Tume ilikwenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri, ikaambiwa mwishoni mwa 2011 kwamba swali hilo lipelekwe Mahakama Kuu. Januari 2012 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kuwa uchaguzi ufanywe ndani ya siku 60 baada ya muhula wa Bunge kuisha, isipokuwa Rais na Waziri Mkuu wakubaliane kwa maandishi kuvunja serikali yao ya mseto, iliyoundwa baada ya ghasia za 2007. Hawakukubaliana. Ndivyo Kenya ilivyopiga kura Jumatatu, 4 Machi 2013, kwa mara moja tu, na tangu hapo Agosti ikashika.

Miaka michache baadaye mbunge wa Ugenya, David Ochieng, alileta mswada mwingine wa kurudisha Desemba. Nao haukufua dafu. Lakini hoja za upande wake si za kupuuzwa, na nadhani watetezi wa Agosti hufanya vibaya kuzicheka. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Rais anayeingia Septemba anakuta bajeti iliyoandikwa na mtu mwingine, pengine mtu aliyemshinda, na kwa miezi 9 anakula chakula asichokipika. Shule nyingi ndizo vituo vya kura, kwa hiyo kalenda ya masomo hukatwa kila mwaka wa uchaguzi. Marudio ya Oktoba 2017 yaliwakuta watahiniwa wa darasa la nane siku chache kabla ya mtihani. Agosti pia ndio msimu ambao nyumbu wako Maasai Mara na hoteli za Diani na Watamu zinatarajia wageni, na mgeni akisikia neno uchaguzi huahirisha safari. Anayefanya kazi hotelini hulipia demokrasia kwa mshahara wake.

Yote hayo ni kweli, na mengi yake yana dawa. Mwaka wa fedha unaweza kurekebishwa, na serikali inaweza kuleta bajeti ya nyongeza, kama ilivyozoea kufanya hata bila uchaguzi. Mtihani unaweza kusogezwa wiki mbili. Jirani zetu Watanzania walizoea kupiga kura Jumapili, na mwaka 2020 tume yao ikaweka Jumatano, siku ya mapumziko, mbingu hazikuanguka. Kubadili siku kwenyewe si dhambi. Kinachonitia shaka ni wakati ambapo hoja hizi huibuka na midomo inayozitoa, maana mara nyingi badiliko la tarehe huja na nyongeza ya muda kwa mtu aliyeko kitini. Mwaka 2024 seneta mmoja alipendekeza vipindi vya viongozi virefushwe kutoka miaka 5 hadi 7. Wananchi waliandika barua pepe kwa maelfu kupinga, na pendekezo likazikwa kamatini.

Nisemavyo mimi ni hivi: anayetaka kuhamisha uchaguzi aseme kwanza kesi za rais zitaamuliwa lini na majaji watakuwa wapi. Asionyeshe hali ya hewa pekee. Na kama kweli Desemba inafaa, basi badiliko lianze na uchaguzi wa mbali, ambao hakuna aliyeko madarakani leo atakayefaidika nao. Sijasikia mswada wa namna hiyo.

Katikati ya mjadala huu, tume yenyewe ilionyesha kwamba tarehe thabiti haizuii uzembe. Mwaka 2022 karatasi za kura ya ugavana za Mombasa na Kakamega zilichanganywa, zikaja na picha za wagombea wa kaunti nyingine. Uchaguzi huo wa magavana ukaahirishwa kutoka Agosti 9 hadi 23, kisha hadi 29. Mombasa wengi hawakurudi foleni. Wachuuzi wa Marikiti walikuwa wamefunga biashara mara moja kwa ajili ya kura na hawakuwa tayari kufunga tena.

Uchaguzi mkuu ujao umeshajulikana tangu 2010 utakuwa lini, na hakuna haja ya kusubiri redio. Agosti ya 2027 inaanza Jumapili. Jumanne ya pili ni tarehe 10.